Wadudu Vichwani

Mwaka wa 1910, serikali ya kikoloni ilichukua kituo kilichokuwa kikitumika kuwatenga wagonjwa wa ndui nje ya mji mchanga wa Nairobi, ikakipa kazi nyingine: kuwatenga wendawazimu. Majengo yale yale, wazo lile lile. Mtu mwenye vidonda mwilini na mtu mwenye vidonda akilini wote walihesabiwa kuwa hatari kwa mji, na dawa ya kwanza ilikuwa ukuta. Mwaka wa 1924 nyumba hiyo ikapewa jina la Mathari, na ndiyo hii hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili iliyo kando ya barabara ya Thika hadi leo.

Jirani yake ni mtaa wa Mathare. Herufi moja tu ndiyo inayotenganisha majina, na bonde ni moja. Upande huu hospitali ya akili, upande ule mto unaofurika. Kama unataka kujua jinsi serikali za nchi hii zimeshughulikia mambo mawili, hali ya hewa iliyoharibika na vijana wanaoishi chini yake, huna haja ya kwenda mbali na bonde hilo.

Wacha tuanze na daktari. John Colin Carothers alikabidhiwa Mathari mwaka wa 1938. Alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Hakuwa amesomea magonjwa ya akili kama fani yake. Alikaa pale hadi 1950, na alipoondoka akaanza kuandika. Mwaka wa 1951 alichapisha makala iliyolinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Ndiyo, umesoma vizuri. Mwaka wa 1953 Shirika la Afya Duniani likatoa kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na mojawapo ya hoja zake ilikuwa kwamba ule ugonjwa wa huzuni, tunaouita dipresheni siku hizi, ni nadra sana kwa Waafrika.

Alijuaje? Aliwahesabu waliokuwa wodini. Lakini nani alipelekwa Mathari wakati huo? Ni yule aliyepiga kelele barabarani, aliyemrushia mwajiri mawe, aliyevua nguo sokoni. Mama aliyekaa kimya jikoni mwake kule Machakos, hali wala halali tangu ukame umchukulie watoto, hakuna askari aliyemfuata. Hakusumbua mtu. Kwa hivyo hakuwa kwenye daftari, na kwa kuwa hakuwa kwenye daftari, daktari akasema hayupo.

Na bado watu wenyewe walikuwa na daftari lao. Ukambani ukame haukupewa tarakimu, ulipewa jina. Ule mkubwa wa mwisho wa karne ya 19, wakati reli ilikuwa inapasua nchi kuelekea Nairobi, uliitwa Ngomanisye, ulioenea kila mahali. Wakikuyu waliita njaa ya miaka hiyo Ng'aragu ya Ruraya, njaa ya Ulaya, kwa kuwa iliwajia pamoja na wageni, na sidhani kuna ripoti yoyote ya wizara iliyowahi kueleza chanzo kwa ufupi hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ukaja ukame wa Ndeke, wa ndege, kwa sababu chakula cha msaada kilishushwa kutoka angani. Kisha 1984: Nikw'a Ngwete. Yaani, nakufa nikiwa nimeshika. Nimeshika nini? Pesa. Shilingi iko mkononi lakini dukani hakuna kitu cha kununua.

Hebu tulia na jina hilo kidogo. Mtaalamu wa takwimu angeandika kwamba mvua ilishuka kwa kiasi fulani na bei ya mahindi ikapanda kwa kiasi fulani. Jina linakuambia jambo tofauti: jinsi ilivyokuwa ndani ya mtu. Kujiona umefanya kila ulichoambiwa ufanye, umetafuta kazi, umeweka akiba, na bado hakuna kitakachokuokoa. Hiyo ni ripoti ya afya ya akili, na iliandikwa na wanakijiji bila semina wala posho.

Kwa Wakikuyu jambo hili lilifika hadi kwa vijana moja kwa moja. Rika la waliotahiriwa mwaka mmoja lilipewa jina la jambo kubwa la mwaka huo. Waliotahiriwa wakati wa ndui ya miaka ya 1890 waliitwa Mutung'u, ndui. Fikiria kubeba jina hilo hadi uzeeni. Kwa upande mmoja ni mzigo. Kwa upande mwingine, hakuna aliyekuuliza kwa nini unaogopa ugonjwa; jina lako lilikuwa limeshajibu.

Serikali haikusoma daftari hilo. Ilikuwa na lake, na mwaka wa 1954 ikamwita Carothers arudi alisome. Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa tangu Oktoba 1952. Maelfu ya vijana walikuwa msituni, na walichokuwa wakidai kilijulikana na kila mtu aliyekuwa na masikio: ardhi. Wazazi wao walisukumwa kwenye mashamba yaliyobanana na kuchoka, na kila mvua ilipokosa, walikuwa wa kwanza kulala njaa. Serikali ikamuuliza daktari wa akili kwa nini wanapigana. Kijitabu chake kuhusu saikolojia ya Mau Mau kikatoka Nairobi, kikieleza uasi hasa kama tatizo la akili ya mtu aliyeachana na mila zake kabla ya kuzoea za wengine.

Wakati huo huo, Kanuni ya Adhabu ya mwaka wa 1930 ilikuwa na kifungu cha 226. Mtu akijaribu kujitoa uhai na kunusurika, ametenda kosa, na anaweza kufungwa hadi miaka miwili. Kwa hivyo picha kamili ya ukoloni ni hii: kijana aliyelilia shamba aliandikiwa ugonjwa, na kijana aliyekuwa mgonjwa kweli aliandikiwa shtaka.

Tarehe 24 Aprili 1954, alfajiri, jeshi na polisi waliizingira Nairobi katika Operesheni Anvil na kuwakamata maelfu kwa maelfu. Mathare ilikuwa mojawapo ya mitaa iliyoshukiwa, na katika miaka hiyo nyumba zake zilibomolewa. Ishike hiyo tarehe.

Uhuru ulipokuja, bendera ilibadilika lakini tabia ya kutenganisha mafaili ikabaki. Mazingira yakaanza kupata heshima. Shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira likawekwa Nairobi, na mwaka wa 1977 mji huu ukaandaa mkutano wa dunia kuhusu kuenea kwa jangwa. Mwaka huo huo, tarehe 5 Juni, Wangari Maathai na wenzake wakapanda miti saba Kamukunji, na Green Belt Movement ikazaliwa. Serikali ya Nyayo nayo ilipenda miti na gabioni. Mwaka wa 1981 Rais Moi aliunda tume ya kudumu ya kuhifadhi udongo na kupanda misitu. Muulize mzazi wako aliyekuwa shule ya msingi wakati huo. Huenda bado anakumbuka mawe aliyobeba.

Lakini mti uliopandwa kwa amri ulikuwa uzalendo, na mti uliolindwa bila ruhusa ulikuwa wazimu. Mwaka wa 1989 chama tawala kilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, pamoja na sanamu kubwa ya rais. Maathai akaandika barua, moja baada ya nyingine, kuuliza kwa nini watu wa Nairobi wanyang'anywe mahali pa kupumulia. Bungeni walimtukana. Na rais, akizungumza papo hapo Uhuru Park siku ya Jamhuri, akasema wanaopinga mradi wana wadudu vichwani.

Wadudu vichwani. Carothers alihitaji kitabu kizima kusema hivyo. Mwanasiasa alihitaji maneno mawili. Anayelalamikia ardhi, mti au mto hana hoja, ana ugonjwa. Jumba lenyewe halikujengwa, wawekezaji wa nje walirudi nyuma, na bustani ile bado ipo.

Kinachonishangaza ni kwamba 1989 ndio mwaka ambao Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili, ya kwanza ya Kenya huru kuandikwa kwa jina hilo. Ilianza kutumika 1991. Ukiisoma utaona inajali zaidi milango: nani anaingizwa hospitalini, kwa hati ya nani, kwa siku ngapi, mali yake inasimamiwa na nani. Kwa kituo kilichoanza kama karantini, ni jambo la kutarajiwa. Kuhusu kinachomfanya mtu augue akiwa bado nyumbani, kimya.

Baada ya hapo karatasi zikazaliwa kwa kasi, kila wizara na zake. Katiba ya 2010 iliweka mambo haya mawili karibu kuliko wakati wowote. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Cha 43, mstari unaofuata tu, haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Ni majirani kama Mathari na Mathare. Na kama Mathari na Mathare, hawatembeleani sana. Mwaka huo huo wa 2010 ukaja mkakati wa kitaifa wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, kisha mpango wa utekelezaji wa 2013, kisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, yenye baraza linaloongozwa na rais mwenyewe. Sheria hiyo inataka hata somo la tabianchi liingie kwenye mitaala ya shule. Ni jambo zuri. Ila mtoto akishafundishwa kwamba nchi yake inakauka, anapeleka wapi kile alichofundishwa? Hapo sheria inanyamaza. Mipango ya tabianchi ilipotaja afya, mbu na malaria ndio walipata kiti cha mbele.

Upande wa akili nao, sera ya 2015 hadi 2030, kisha jopo la mwaka wa 2019 lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga. Mwaka wa 2020 jopo hilo lilipendekeza magonjwa ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Mwaka wa 2022 sheria ya 1989 ikafanyiwa marekebisho, na kaunti zikapewa wajibu zaidi wa kutoa huduma hizi karibu na watu. Hatua kubwa, sitaki kuzibeza.

Kenya haikuwa peke yake katika kutenganisha mafaili. Shirika la Afya Duniani, lile lile lililomchapisha Carothers, lilitoa waraka Juni 2022 likisema kwamba kati ya nchi 95 zilizochunguzwa mwaka uliotangulia, ni 9 tu zilizokuwa zimeingiza afya ya akili kwenye mipango yao ya afya na tabianchi.

Wakati karatasi zikiandikwa, mvua ilikosa. Kuanzia mwisho wa 2020, misimu mitano mfululizo ilifeli kaskazini na mashariki mwa Kenya, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miaka 40. Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Zaidi ya mifugo milioni 2 ilikufa. Mtu wa mjini anaweza kuisoma hiyo kama habari ya nyama kupanda bei. Kwa kijana wa Marsabit au Turkana, ng'ombe ni benki, ni mahari, ni sababu ya kuongea mbele ya wazee na kusikizwa. Ukipoteza kundi ukiwa na miaka 22, hujapoteza kazi tu. Umepoteza ule utu uzima uliokuwa unaukaribia.

Mamlaka ya kitaifa ya kusimamia ukame hutoa taarifa kila mwezi, kaunti kwa kaunti, na kusema kweli ni kazi nzuri. Ndani yake utakuta hali ya malisho, umbali wa kwenda kutafuta maji, bei ya mbuzi, hata mzingo wa mkono wa mtoto mdogo ili kujua kama anakonda. Hakuna safu ya usingizi. Hakuna anayeuliza yule kijana aliyekuwa na ng'ombe 30 na sasa ana watatu kwamba anaamkaje asubuhi.

Kisha mvua ikarudi, yote kwa pamoja. Aprili 2024 mito ya Nairobi ilivunja kingo. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili, miaka 70 kamili tangu Operesheni Anvil, maji yaliingia Mathare watu wakiwa wamelala. Wengine walipanda juu ya mabati na kungoja hapo. Siku tano baadaye, usiku pia, maji yaliyokuwa yamezibwa kwenye tuta la reli kule juu yakapasuka na kushukia Mai Mahiu, yakaua makumi ya watu. Kufikia mwisho wa masika, karibu watu 300 walikuwa wamekufa nchini. Shule zilichelewa kufunguliwa.

Serikali ikaja na amri ya kuhama kando ya mto, kisha tingatinga. Kwa mara nyingine nyumba za Mathare zikabomolewa na serikali, safari hii kwa jina la usalama wa wenyeji wenyewe. Kila familia iliyoondolewa iliahidiwa shilingi 10,000. Sisemi watu wangeachwa mtoni, mto haubembelezwi. Nasema kijana aliyeona godoro, vitabu na kitambulisho vikienda na maji siku ya kwanza, halafu akaona kuta zilizobaki zikiangushwa wiki mbili baadaye, amepigwa mara mbili, na hiyo ya pili ilikuwa na sahihi ya afisa.

Tarehe 10 Mei ikatangazwa kuwa sikukuu ya taifa, ya kuwaomboleza waliokufa kwenye mafuriko na kupanda miti. Mti ni jambo jema, na nchi imejiwekea lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032. Lakini ile siku inasema mengi kuhusu sisi. Tulipewa saa chache za huzuni, na jembe, ili tusikae bure nayo. Majirani wa hospitali kuu ya akili ya taifa walikuwa wamelala kwenye madarasa ya watu, na jibu la taifa kwa kilio chao likawa miche.

Mwezi huo huo, Mswada wa Fedha wa 2024 ulifika ukiwa na ushuru wa mazingira juu ya vitu kama simu, nepi na sodo. Baadhi ya makali yalipunguzwa kabla ya mswada wote kukataliwa Juni 26, baada ya vijana kuuawa barabarani. Maandamano yale yalikuwa na sababu nyingi na sitaki kuyageuza kuwa ya hali ya hewa. Ila fikiria mpangilio: kwa msichana wa mtaani, sera ya mazingira ilikuja kwanza kama tingatinga, kisha kama kodi ya sodo.

Ndiyo maana huwa nasita ninaposikia kwamba suluhisho ni kuwapa vijana ushauri nasaha ili waache kuhofia tabianchi. Mwishoni mwa 2021 jarida la Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti uliowauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, Nigeria ikiwa ndiyo ya pekee kutoka Afrika. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa kupindukia. Zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinaathiri maisha yao ya kila siku. Sehemu inayonihusu mimi ni hii: dhiki hiyo ilienda sambamba na kuona kwamba serikali zimewasaliti. Yaani sera yenyewe ni sehemu ya kinachowanyima watu usingizi. Ukimtibu kijana hofu bila kugusa mfereji uliozibwa mtaani kwao, umerudi kwa Carothers.

Na upande wa pili pia kuna shimo. Wako wanaosema hofu hii ni ya haki, kwa hivyo haihitaji daktari. Mtoto anayeruka kila akisikia mvua kwenye mabati anahitaji mtu wa kumsikiza, hata kama mvua kweli ni hatari. Septemba 2023, hapo hapo Uhuru Park, serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 wa kutembelea nyumba kwa nyumba, wakiwa na vifaa vya kupima presha na joto la mwili. Kumuuliza kijana aliyehamishwa na mafuriko kwamba analala saa ngapi hakuhitaji kifaa. Kunahitaji mtu aandike jibu, na jibu lifike mezani kwa yule anayechora ramani ya mto.

Kifungu cha 226 kilidumu hadi Januari 9, 2025, Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba, baada ya Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu na wenzake kwenda kortini. Uingereza, iliyotuachia wazo hilo, ilikuwa imeliondoa kwao mwaka wa 1961.

Mathare kuna vijana ambao wamekuwa wakipanda miti kwa miaka sasa, bila kungoja sikukuu. Walianza kabla ya mafuriko hayo. Baadhi ya miti hiyo ni ukumbusho wa wenzao waliouawa na polisi, na wanaoimwagilia maji wanajua ni upi wa nani.